Clare, kaunti ya mawe: jinsi ya kuyazuru magenge, mapango na magofu yake

Wageni wengi wanaifikia Clare kwa basi la kitalii linaloondoka Dublin alfajiri. Wanasimama juu ya magenge ya Moher kwa saa moja na nusu, wanapiga picha, wanarudi usiku. Kutoka Dublin hadi kwenye magenge ni karibu kilomita 270 kwenda tu, kwa hiyo sehemu kubwa ya siku inaishia kwenye kiti. Kama una siku moja peke yake, hilo ndilo basi lako. Ukiweza kupata usiku tatu, lala huku huku.

Kaunti hii iko magharibi mwa Ireland. Kaskazini yake ni ghuba ya Galway, magharibi ni Atlantiki, kusini na mashariki ni mto Shannon. Cha kwanza kukifahamu ni miamba, maana ndiyo inayoamua utembeaje. Kaskazini, sehemu iitwayo Burren, jiwe ni la chokaa, jamii ile ile ya jiwe lenye mapango ya Amboni kule Tanga. Maji yanalitafuna polepole, yanatoboa nyufa, kisha yanapotelea chini. Ukifika Doolin na kuendelea kusini, chokaa imezama na juu yake kuna matabaka ya mawe ya mchanga na ya tope lililogandamana. Hayo hayatafunwi kwa namna ile: bahari inayala kwa chini, na ya juu yanabaki yakining'inia mpaka siku yaporomoke. Kwa hiyo Burren hatari iko chini ya mguu, na Moher hatari iko ukingoni.

Viza, majira na gari

Ireland iko Umoja wa Ulaya na inatumia yuro, lakini haimo Schengen, eneo la nchi za Ulaya zinazotumia viza moja. Viza ya Schengen haikuingizi. Mwenye pasipoti ya Kenya, Tanzania, Uganda, Rwanda, Burundi au Kongo anahitaji viza ya Ireland yenyewe, na maombi yanaweza kufunguliwa mtandaoni miezi 3 kabla ya safari. Wanaoishi Uingereza hukosea hapa zaidi: wanaona hakuna kizuizi barabarani kutoka Ireland ya Kaskazini, wanadhani hakuna sheria. Sheria ipo, na ukaguzi hufanyika ndani ya mabasi. Plagi za umeme ni za pini tatu za mraba kama za Kenya, Uganda na Tanzania, kwa hiyo chaja ya huko itaingia bila kibadilishi.

Wakati mzuri kuliko wote ni Mei hadi katikati ya Juni. Maua ya Burren yamefunguka, ndege wa baharini wako kwenye viota, na mwezi Juni jua linatua karibu saa nne usiku. Julai na Agosti watu ni wengi. Septemba hali ya hewa huwa ya kuridhisha, ila mji wa Lisdoonvarna una tamasha lake la kutafutiana wachumba mwezi mzima na vyumba vya jirani hujaa, hasa Ijumaa na Jumamosi. Desemba giza linaanza kushuka saa kumi na nusu jioni na boti nyingi zimefungwa. Mvua haina msimu. Inaweza kunyesha mara tatu kati ya chai na chakula cha mchana, jua likiwaka katikati.

Gari linakupa uhuru mkubwa. Wanaendesha kushoto, kwa hiyo Mkenya, Mtanzania na Mganda wako nyumbani. Anayetoka Kongo, Rwanda, Burundi au Oman aipe siku ya kwanza nafasi ya kuzoea, hasa kwenye kipilefti. Magari mengi ya kukodi ni ya gia za mkono. Ukitaka la otomatiki liagize mapema, na utalipa zaidi. Kampuni nyingi zinadai kadi ya mkopo yenye jina la dereva mwenyewe. Kadi ya kawaida ya benki inaweza kukataliwa pale kaunta hata kama ulishalipia mtandaoni. Uliza pia kama bima ya msingi inagusa matairi, vioo vya pembeni na sehemu ya chini ya gari. Mara nyingi haigusi, na hivyo ndivyo vinavyoumia Clare, kwa sababu barabara ndogo zimebanwa na kuta za mawe na basi likija mbele yako utasogea mpaka kioo kiguse ukuta. Tangu Februari 2025 mwendo wa juu kwenye barabara ndogo za vijijini ni kilomita 60 kwa saa, na kwenye nyingi ya hizo hata 60 ni kasi. Ukitokea uwanja wa ndege wa Dublin na kupita barabara ya M50, hakuna kibanda cha ushuru. Kamera zinasoma namba ya gari, na unatakiwa kulipa kabla ya saa mbili usiku ya kesho yake. Ukisahau, faini inapitia kwa kampuni iliyokukodisha, nayo inaongeza gharama zake.

Bila gari bado inawezekana. Treni inafika Ennis, makao makuu ya kaunti. Basi namba 350 linatoka Ennis hadi Galway likipitia Ennistymon, magenge ya Moher, Doolin, Lisdoonvarna na Ballyvaughan. Halipiti kwenye kaburi la Poulnabrone, na watu hugundua hilo wakiwa wameshashuka Ballyvaughan, zikiwa zimebaki kilomita 8 za kupanda. Andika saa ya basi la mwisho kwenye karatasi, kwa maana mtandao wa simu hupotea mabondeni. Na ukisoma 16:20 kwenye ratiba, kumbuka ni saa kumi na dakika ishirini. Mazoea ya kuhesabu saa za Kiswahili yameshawaacha watu kituoni.

Magenge ya Moher

Magenge yanajinyoosha kama kilomita 8, na karibu na mnara wa O'Brien, uliojengwa mwaka 1835, yanafika mita 214 juu ya bahari. Jengo la wageni limechimbiwa ndani ya kilima na lilifunguliwa mwaka 2007; maegesho yako ng'ambo ya barabara, na bei yake imo ndani ya tiketi. Usijaribu kuegesha pembeni ya barabara ya R478 ili kukwepa malipo. Hakuna nafasi, na gari litaondolewa au litagongwa.

Nunua tiketi mtandaoni, uchague saa za pembezoni. Mabasi ya Dublin na Galway yanamwaga watu kuanzia saa tano asubuhi hadi saa kumi jioni. Magenge yanatazama magharibi, kwa hiyo asubuhi jua liko mgongoni mwake na uso wa mwamba ni kivuli kitupu. Mchana ukigeuka, mwanga unaupiga uso huo na matabaka yanaonekana moja moja, kama kurasa za kitabu kilichofungwa. Kiangazi nenda baada ya saa kumi na moja jioni. Kama asubuhi hiyo wingu limeketi juu ya kilima, badilisha mpango uanze na Burren: ukungu ukishuka hapa huoni hata bahari iliyo chini yako, na hakuna anayerudisha fedha kwa sababu ya ukungu.

Kabla ya kukimbilia ukingoni, tazama mabamba ya mawe yaliyosimamishwa kama ukuta kando ya njia. Mistari ile inayojipinda juu yake kama nyayo za minyoo ni alama za viumbe waliotambaa kwenye tope la delta ya mto zaidi ya miaka milioni 300 iliyopita. Maelfu ya watu wanaegemea hiyo mistari kila siku bila kuiona.

Kati ya mwishoni mwa Aprili na Julai, elekeza darubini kwenye kisiwa kidogo cha majani kilicho chini ya magenge. Wale ndege wadogo weusi na weupe wenye midomo ya rangi ya chungwa ni pafini. Kwa macho matupu ni vitone tu.

Sasa ukingo. Kuta zile zimewekwa umbali fulani kwa sababu mwamba wa chini umeliwa, na unaposimama nje ya ukuta huenda unasimama juu ya bamba la tope na majani lisilo na kitu chini yake. Upepo wa Atlantiki hauvumi kwa nguvu moja. Unakatika ghafla kisha unarudi, na anayeuegemea ndiye anayeyumba. Upepo ukizidi, wasimamizi hufunga eneo. Njia ndefu ya miguu kati ya Doolin, magenge na Liscannor ilifungwa katika sehemu nyingi mwaka 2024 baada ya watu kuanguka na kufa. Kabla ya kupanga kuitembea angalia taarifa za sasa, na ukikuta kizuizi, geuka hata kama kuna watu unawaona upande wa pili.

Kuyaona kutoka chini, panda boti bandari ndogo ya Doolin. Safari ni karibu saa moja, na boti hizo hizo au ndugu zake huenda Inis Oírr, kisiwa cha karibu zaidi cha Aran. Safari hufutwa si kwa mvua bali kwa mawimbi marefu yanayotoka mbali, hata siku ya jua kali. Weka boti siku yako ya kwanza au ya pili, ili ikifutwa ubaki na siku ya kujaribu tena.

Burren: jinsi ya kutembea juu ya chokaa

Mwaka 1651 Edmund Ludlow, kamanda wa jeshi la Cromwell, yule Mwingereza aliyeivamia Ireland, aliandika kwamba nchi hii haina maji ya kumzamisha mtu, wala mti wa kumnyongea, wala udongo wa kumzikia. Wanaomnukuu humkatiza hapo. Yeye aliendelea kusema kuwa ng'ombe wa hapa ni wanono, kwa sababu majani yanayoota kati ya mawe ni matamu. Na bado iko hivyo. Sehemu nyingine za Ulaya mifugo hupandishwa milimani kiangazi. Hapa hupandishwa mwanzoni mwa majira ya baridi, maana chokaa huhifadhi joto na ardhi haituami maji. Ng'ombe wanakula majani makavu, wanashushwa masika inapokaribia, na maua yanapata nafasi ya kuchanua bila kufunikwa wala kuliwa. Ndiyo sababu mwezi Mei utakuta jentiana ya buluu, ua la milima ya Alpi, limesimama karibu na driasi nyeupe ya nchi za baridi na okidi zinazopenda joto la kusini, yote ndani ya hatua chache. Usichume hata moja. Mengine yanalindwa na sheria.

Jiwe limekatika kuwa mabamba yenye nyufa katikati. Nyingine zinameza mguu mpaka gotini, nyingine zina kina kuliko kimo cha mtu. Kanyaga katikati ya bamba, si pembeni. Bamba dogo lijaribu kwanza kwa mguu mmoja kabla ya kulipa uzito wote, kwa sababu mengi yanacheza. Usiruke. Usiamini majani yaliyofunika kati ya bamba na bamba, mara nyingi yameficha ufa. Mvua ikishanyesha, zile sehemu nyeusi nyeusi huteleza kama sabuni. Vaa buti zinazoshika kifundo, mikono iwe nje ya mifuko, na ukitaka kutazama mandhari, simama kwanza. Kinachowapata watu hapa kwa kawaida si kuanguka genge. Ni kifundo kuteguka umbali wa kilomita 3 kutoka kwenye gari.

Ndani ya hifadhi ya taifa ya Burren, njia zimewekewa mishale ya rangi. Ya buluu, inayozunguka kilima cha Mullaghmore, ni kama kilomita 7.5 na inachukua saa 3. Nyeupe ni fupi, inawafaa wenye watoto. Maegesho ni kidogo na ya kando ya barabara. Kiangazi kuna basi dogo la bure kutoka kijiji cha Corofin, litumie. Beba maji na chakula, usitegemee choo wala duka. Chini ya kilima kuna maziwa yanayokuja na kuondoka: mvua ikizidi maji yanapanda kutokea ndani ya ardhi, kiangazi yanarudi huko huko, kwa hiyo uwanja wa majani uliouona Juni unaweza kuwa ziwa Januari.

Nje ya hifadhi, kumbuka kuwa ardhi karibu yote ina mwenyewe na Ireland haina haki ya kutembea popote. Fuata njia zenye alama, funga lango kama ulivyolikuta, mbwa mwache nyumbani. Kasri la Leamaneh, lile gofu lenye madirisha mengi penye njia panda ya R480 na R476, liko kwenye ardhi ya mtu. Litazame kutoka barabarani.

Poulnabrone liko kando ya R480, kusini mwa Ballyvaughan. Maegesho na kiingilio ni bure. Ni kaburi la mawe lililosimamishwa yapata miaka 5,800 iliyopita: bamba moja pana juu ya mawe ya kusimama. Mwaka 1985 jiwe mojawapo lilionekana limepasuka, na uchimbaji uliofuata, 1986 na 1988, ulitoa mifupa ya watu wasiopungua 33, wakubwa na watoto. Kamba iliyozungushwa ni ya kuheshimiwa. Watu wana tabia ya kung'oa mawe na kupanga vikaburi vidogo vya kuigiza, wakidhani ni kumbukumbu nzuri. Kila jiwe linalong'olewa linaacha wazi mizizi na wadudu waliokuwa chini yake, na linawachanganya watafiti. Kilomita moja kusini kuna ngome ya duara ya Caherconnell, ya kulipia, ambako huonyeshwa pia jinsi mbwa wa malisho anavyoongoza kondoo.

Mapango ni mawili na inatosha kuchagua moja. Aillwee, karibu na Ballyvaughan, ni pana na rahisi kutembea, inafaa familia. La Doolin lina kitu kimoja tu cha kuona lakini ni kitu hasa: stalaktiti, yaani nguzo ya chokaa iliyojengwa na maji yanayodondoka, ya mita 7.3 inayoning'inia peke yake katika ukumbi wa giza. Unavaa kofia ngumu, unashuka na kupanda ngazi zaidi ya 100. Mwenye magoti mabovu aende Aillwee. Yote mawili unaingia na kiongozi, na ndani ni nyuzi 10 hivi mwaka mzima, kwa hiyo chukua sweta hata Julai.

Abasia ya Corcomroe, karibu na Bellharbour, haina mlango wa tiketi wala mlinzi. Watawa wa kiume wa shirika la Sitoo (Cistercian) walioianzisha mwishoni mwa karne ya 12 waliiita Maria wa Mwamba Wenye Rutuba. Anzia upande wa altare, ambako vichwa vya nguzo vimechongwa majani na maua kwa mkono hodari, kisha rudi nyuma kuelekea magharibi. Uchongaji unafifia mpaka unakoma kabisa. Inaonekana fedha iliisha kabla ya kanisa. Kilfenora nako simama nusu saa kwa ajili ya misalaba mirefu ya mawe. Jimbo hilo dogo la Kikatoliki halina askofu wake, na kisheria askofu wa Kilfenora ni Papa mwenyewe.

Kusini magharibi, ambako mabasi hayafiki

Kilkee ni mji wa pwani wenye mabwawa ya asili katika mwamba, yaitwayo Pollock Holes. Maji yakijaa yanafunikwa, yakipwa yanabaki mabwawa matatu yenye maji safi mapya. Tafuta jedwali la maji, uende saa moja au mbili kabla ya kupwa kabisa, utoke yanapoanza kurudi. Siku za bamvua mwamba hufunuka zaidi. Mwani unateleza, vaa viatu vya mpira. Maji ni baridi, kama nyuzi 15 hata Agosti, kwa hiyo ingia polepole usije ukakatwa pumzi.

Kutoka hapo endelea magharibi hadi mnara wa taa wa Loop Head. Magenge ya huku ni mafupi kuliko ya Moher, na siku ya kawaida utayatazama karibu peke yako. Hakuna kuta za kukulinda. Ardhini kuna neno ÉIRE, yaani Ireland kwa Kiayalandi, lililoandikwa kwa mawe wakati wa vita vya pili vya dunia, ili marubani wajue kwamba wako juu ya nchi isiyopigana.

Kutoka bandari ya Kilrush kuna boti ya kwenda kisiwa cha Scattery, dakika 15 hadi 20, kiangazi peke yake. Makao ya watawa yalianzishwa hapo na mtakatifu Senan katika karne ya 6, na wakazi wa mwisho waliondoka mwaka 1978. Mnara wa duara una urefu wa mita 26 hivi, na mlango wake uko chini kabisa, jambo la nadra: minara mingi ya aina hii ina mlango mita kadhaa juu ya ardhi. Kisiwani hakuna duka. Ukiwa unaelekea Kerry baada ya hapo, kivuko cha magari cha Killimer hadi Tarbert ni dakika 20 na kinakuokoa mzunguko mrefu wa kupitia Limerick.

Siku ya kuwasili na ya kuondoka

Kama unatumia uwanja wa Shannon, maeneo ya mashariki yaweke siku hizi. Monasteri ya Wafransisko iliyo katikati ya Ennis inajulikana kwa michongo yake ya karne ya 15, na hufungwa miezi ya baridi. Ile ya Quin imejengwa karne hiyo hiyo juu ya mabaki ya ngome ya Wanormani, na minara ya pembeni ya ngome bado inaonekana ukizunguka kwa nje. Ua wake wa ndani wenye matao ni mzima kuliko wa magofu mengi nchini. Kuingia Quin ni bure, ila nje ya msimu unaweza kukuta imefungwa. Bunratty ni ya kulipia na ina kelele za familia, lakini kasri lenyewe, la karne ya 15, lina samani za zamani kweli kweli. Panda kasri kwanza, kijiji cha maonyesho baadaye, maana kasri huacha kuingiza watu mapema alasiri. Ngazi zake ni za kuzunguka, nyembamba na za mawe yaliyolika. Mtoto wa mgongoni na begi kubwa havipandi pamoja.

Kadi ya serikali ya kuingilia maeneo ya kihistoria haikubaliki Moher, Bunratty wala kwenye mapango, kwa hiyo kwa Clare peke yake hairudishi gharama. Inunue kama unaendelea na kaunti nyingine.

Dharura piga 112 au 999. Ukiwa gengeni, ufukweni au baharini, omba walinzi wa pwani moja kwa moja, kisha taja jina la maegesho uliyoacha gari. Hilo wanalielewa haraka kuliko maelezo ya mandhari.